Mradi wa kilimo unakuja kijijini: jinsi ya kujua wakulima wako tayari kweli au wanakuitikia tu

Hii nawaandikia nyie mnaotumwa vijijini. Mabwana shamba na mabibi shamba mliopangiwa kata mpya, vijana wa kujitolea mliokabidhiwa kishikwambi na dodoso la kurasa kumi na mbili, wanafunzi mnaotafuta data, hata wewe mwenyekiti uliyeambiwa na wilaya "kaandae wananchi, mradi unakuja". Mifano yangu mingi ni ya Tanga, hasa Muheza na majirani zake, Bagamoyo nitaigusa kidogo maana tabia za pwani zinafanana.

Cha kwanza cha kuelewa ni kwamba mkulima wa huku hakatai mradi wa serikali. Sijawahi kuona mkutano wa kijiji watu wakasimama wakasema hatuutaki. Watakupokea vizuri, watapiga makofi, wataandikisha majina mpaka karatasi iishe, mzee mmoja ataomba dua, halafu msimu unafika mbegu zimelala ofisini kwa mtendaji panya wanajipatia na wewe wilayani unaandika "mwitikio ulikuwa mkubwa". Kwa hiyo swali la "mnautaka mradi?" lifute kabisa kwenye karatasi yako, jibu lake unalijua kabla hujapanda bodaboda. Unachotakiwa kukitafuta ni huyu mtu ataufanya kwa ardhi ipi, kwa mikono ya nani, kwa hela ya mwezi gani, na anakumbuka nini cha mara ya mwisho alipoambiwa maneno kama haya unayomwambia wewe.

ANZA NA MIRADI ILIYOPITA

Hapa ndo penye utajiri wote na ndo watu wengi wanaparuka. Mkulima akikuangalia hakuoni wewe, anawaona waliokutangulia. Mzee wa miaka sabini na kitu ameshasikia tamko la Siasa ni Kilimo la mwaka 1972, ameona operesheni vijiji ya katikati ya miaka ya sabini watu wakihamishwa wakaacha mashamba na minazi yao nyuma, mwanawe anakumbuka vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008/09 na pawatila, yale matrekta madogo ya kuongozwa kwa mkono, za mpango wa Kilimo Kwanza wa 2009, na mjukuu ndo huyu anayejua ruzuku ya mbolea ya kwenye simu iliyoanza msimu wa 2022/23 na anayesikia redioni habari za BBT, mpango wa serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo. Kila moja imeacha kitu kichwani mwao, kizuri au kibaya, na wewe unakuja kupanda juu ya hicho kitu.

Chukua vocha tu. Mpango ulikuwa mkulima apate vocha ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia, za kutosha heka moja, serikali ibebe kama nusu ya bei na nusu nyingine atoe mwenyewe. Kwenye karatasi safi kabisa. Ila asiye na ile nusu alibaki ameshika karatasi, na karatasi hailiwi, kwa hiyo sehemu nyingi mtu alisaini akamwachia wakala vocha akapewa hela kidogo ya unga, mbolea ikaenda inakojua. Sasa wewe leo ukisimama ukasema "ruzuku" wewe unawaza mavuno, yeye anawaza ile karatasi na nani wa kwenye kamati aliyejenga nyumba mwaka ule. Usipojua hilo utashangaa kwa nini watu wanacheka pembeni.

Ukipanda Lushoto kumbukumbu inarudi nyuma zaidi. Kule Mlalo Waingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo mwaka 1946, wakalazimisha watu wachimbe matuta mlimani, kazi ngumu ambayo mzigo wake mkubwa uliwaangukia kina mama, na watu wakapinga mpaka mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Udongo ulikuwa unaporomoka kweli, wataalamu hawakudanganya, shida ni kwamba hakuna aliyehesabu siku za jembe zinatoka wapi. Na Bagamoyo pande za Makurunge, mradi mkubwa wa miwa kwenye eneo la ranchi ya zamani ya RAZABA ulizungumzwa miaka na miaka, serikali ikaja kuufuta 2016. Mtu wa kule ukimtolea GPS ukaanza kuzunguka shamba lake, hata kama unapima mihogo tu, usitegemee akuonyeshe mpaka halisi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwa mtendaji omba uone mihtasari ya mikutano mikuu ya kijiji ya miaka ya nyuma, mikutano hii kisheria ni kila miezi mitatu, kama hakuna mihtasari hilo nalo ni jibu, liandike. Kisha tafuta watu wa aina tatu: aliyekuwa kwenye kamati ya mradi uliopita, aliyejiandikisha akakosa, na aliyegoma tangu mwanzo. Huyu wa tatu ndo wa thamani na mara nyingi watakwambia "huyo achana naye ni mkorofi". Nenda kwa huyohuyo. Wote watatu waulize maneno yaleyale: kilikuja nini, kilifika mwezi gani, nani alipata, na leo kimebaki nini ambacho naweza kukishika kwa mkono. Swali la mwezi usiliruke hata ukiwa umechoka, maana malalamiko mengi ya miradi ukiyafuatilia yanaishia kwenye tarehe. Mbolea ya kupandia ikifika wakati mahindi yameshafika magotini, hiyo siyo mbolea tena ni mzigo wa kukaa uvunguni.

ADABU YA KUINGIA

Hii fupi. Barua ya halmashauri, upitie kata, upitie mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, na mwenyekiti wa kitongoji usimsahau maana yeye ndo anajua nani yupo na nani amekwenda Dar. Usiite mkutano Ijumaa mchana. Usiite siku ya gulio, nenda gulioni ukawasikilize hukohuko. Kukiwa na msiba hakuna mkutano, unakwenda msibani unakaa na wenzako, na kwa kweli kwenye mkeka wa matanga utajua mambo ya kijiji kile kuliko wiki nzima ya madodoso. Ramadhani nenda asubuhi mapema au acha.

Posho: kama ipo, itoe mwisho na useme wazi mapema kwamba inatoka awe amesema ndiyo au hapana. Watu wakihisi soda na hela vinaenda na jibu zuri, majibu mazuri utayapata mpaka uyachoke.

Na msimu uangalie. Ukija Machi masika inaanza unamkuta mtu anapanda, atakujibu kwa haraka akuondoe. Ukija Juni mpaka Agosti Muheza machungwa yanachumwa, hela ipo, kila mtu yuko tayari kwa kila kitu. Ukija Januari au Februari ndo unaona hali halisi, akiba imekata, shamba linatakiwa lisafishwe, na yule yule aliyekwambia Julai kwamba atanunua mifuko miwili ya mbolea anakuuliza kama mbolea inapimwa kwa kilo. Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu, nenda Februari.

MKUTANO WA HADHARA

Uufanye, ni heshima na ni utaratibu, ila usiutumie kupima utayari. Pale chini ya mwembe anayesema ni mwenyekiti, mwalimu mstaafu, na kijana mmoja anayeitafuta nafasi ya uenyekiti. Wengine wanaangalia mwenyekiti anaelekea wapi. Kina mama wako nyuma na watoto migongoni, ukiwauliza watacheka waseme "tuko pamoja na baba hapo".

Mkutano unafaa kwa vitu viwili. Kimoja, kueleza mradi ni nini na siyo nini, hasa siyo nini. Sema waziwazi kama hakuna mkopo, kama hakuna hela ya mkononi, kama ardhi haichukuliwi, na kama hujui jambo sema sijui nitauliza wilayani nirudishe jibu, usijitungie. Cha pili ni kusikiliza maswali. Wewe andika maswali, majibu yako mwenyewe achana nayo. Kijiji kikiuliza "hizo mbegu zinaanza kuliwa baada ya muda gani, na tukivuna tunauzia wapi" ujue hapo watu wameshaanza kupiga hesabu. Kikiuliza "mnakuja lini tena" na "kamati itakuwa na watu wangapi" hapo watu wanapiga hesabu pia, ila ni hesabu nyingine. Kisichouliza chochote kikapiga makofi, rudi kwa utaratibu, hapo kuna jambo.

NENDA NYUMBANI, NENDA SHAMBANI

Shamba kwanza, nyumbani baadaye. Mtu akiwa kibarazani kwake anakupokea kama mgeni na mgeni hapewi habari mbaya. Akiwa shambani ameshika panga atakuonyesha kwa kidole. Tembea naye, uliza unachokiona, kwa nini hapa umelima na pale umeacha pori, hii mihogo ya nani, mnazi ule wa nani.

Ardhi. Hapa pwani kuna jambo ambalo dodoso zilizotungwa mbali huwa hazina. Ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyomo ikawa ya mwingine. Mtu anaazimwa shamba alime mahindi, mihogo, kunde, hakuna neno, miaka inapita. Ila akithubutu kupanda mnazi au mkorosho pale ugomvi unaanza, kwa sababu mti wa kudumu ni alama ya umiliki, leo kapanda mti kesho mwanawe anasema shamba la baba. Sasa serikali inaleta miche ya korosho bure, na korosho ni zao zuri, hakuna anayebisha. Kuna mzee mmoja bonde la Muheza, tulikuwa tumesimama katikati ya mihogo yake imenawiri vizuri kabisa, nikamwamkia, nikamuuliza kuhusu miche. Akasema, "Marahaba mjukuu wangu. Miche nitaipokea, mtu hakatai cha bure. Ila utanionyesha wewe pa kuipanda?" Akanyoosha panga, kuanzia ule mwembe mpaka kule bondeni ni pa mtu yuko Tanga mjini, yeye analima kwa hisani. Kwenye orodha ya mkutano jina lake lilikuwa juu kabisa, miche hamsini.

Kwa hiyo usiulize "una heka ngapi". Uliza "unalima heka ngapi", halafu "katika hizo, zipi unaweza kupanda mti wa kudumu bila kumuuliza mtu". Namba mbili hizo zikitofautiana sana, mradi wa mazao ya miti pale kijijini utakuwa wa wenye ardhi peke yao na ni bora ukasema hivyo mapema. Uliza pia nani ana hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayotoka kwenye sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, na jina la nani limeandikwa, la baba peke yake au na mama yumo.

Mikono. Hapa wataalamu wanakosea hesabu kila siku. Dodoso linauliza kaya ina watu wangapi, anajibu nane, unaandika nguvu kazi nane. Watatu wako shule, wawili wako Dar wanauza mitumba, mmoja ni bibi macho yamefifia, wamebaki wawili na mmoja ni mjamzito. Uliza "jana nani alikwenda shamba" na "juzi je". Hapohapo uliza kibarua analipwaje kwa kipande na anapatikana mwezi gani, maana mwezi ambao wewe unataka watu wapalilie shamba la mradi ndo mwezi huohuo kila mtu anapalilia la kwake. Uliza na wanyama. Shamba lililo karibu na pori mtu analala kwenye dungu usiku analinda nguruwe, mchana analinda tumbili, ukimwongezea heka moja ya mradi upande wa pili wa kijiji umempa shamba la nguruwe.

Hela. Mtu akikwambia hana hela usiishie hapo, uliza hela huwa anaipata mwezi gani. Chora miezi kumi na miwili chini kwenye mchanga, au kwenye daftari kama mko kibarazani, muwekee hela inaingia lini na inatoka lini. Kwa mwenye machungwa hela kubwa ni katikati ya mwaka. Ada, sare na madaftari Januari. Shughuli za harusi baada ya mavuno. Mbolea ya masika inatakiwa Februari, mwezi ambao wengi wameshauza machungwa yakiwa machanga bado mtini kwa dalali ili wapate cha kula. Msimu wa kwanza wa ruzuku ya simu mfuko wa kilo hamsini wa mbolea ya kupandia ulishushwa mpaka kwenye elfu sabini, ukilinganisha na bei ya dukani ilivyokuwa imepaa ni nafuu kubwa sana, hilo lazima lisemwe. Ila elfu sabini ya Februari na elfu sabini ya Julai kwa mkulima wa Muheza ni hela mbili tofauti. Ukiliona hilo kwenye mchanga wake mwenyewe unajua cha kuwaambia wilayani: mauzo yafunguliwe mapema watu waweke kidogo kidogo, mifuko midogo iwepo, ama kikoba cha kina mama kikusanye tangu Agosti.

Na kwa mazao ya kusubiri uliza atakula nini wakati anasubiri. Mkonge kwa mfano, zao la nyumbani kabisa hili, lililetwa Tanganyika 1893 na Mjerumani Hindorf na mpaka leo bodi yake makao yake ni Tanga, serikali inawasukuma wakulima wadogo waurudie na Korogwe wako waliofaidika. Lakini kutoka kupanda mpaka kukata jani la kwanza ni kama miaka mitatu. Katikati ya mistari unaweza kuchanganya mahindi na maharage mwanzoni, je anajua? Na korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge, iko umbali gani, nani anasomba majani kufika huko, na zamu yake ya kusindika itafika lini maana jani likishakatwa haliwezi kukaa siku nyingi? Mkulima aliye tayari atakuuliza haya kabla wewe hujamuuliza. Asiyeuliza hata moja bado anausikiliza kama wimbo.

Simu. Siku hizi kila kitu ni namba. Mkulima anaandikishwa kwenye daftari kwa mtendaji, taarifa zinaingia kwenye mfumo, ujumbe unakuja kwenye simu, anakwenda nao kwa wakala. Inapendeza. Sasa muulize, "Bibi, laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la nani?" Utashangaa. Laini ya mtoto, laini ya shemeji, namba aliyoandikisha ni ya mjukuu aliyeko Mbagala ambaye ujumbe aliufuta akidhani ni matangazo. Wengine wana kitochi, chaji ni mpaka dukani kwa mwenye sola, ujumbe unaingia jioni ofisi imefungwa. Hapa usihubiri, omba simu uione, angalia kama mtandao unashika pale mlipo, andika. Hili ni jambo dogo linaloweza kurekebishwa kwa siku moja ya kuandikisha upya na linaangusha watu wengi kuliko "mtazamo hasi" unaopenda kuandikwa kwenye ripoti.

MTAZAMO UNAUPATAJE

Zile ngazi tano za dodoso, nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa, kwa mzee wa kijijini ni kama kumuuliza mkwe wako kama chakula kimekolea. Nakubali sana, mwanangu. Yote ishirini. Kama umelazimishwa kuzitumia zijaze, ila usizitegemee peke yake.

Njia inayofanya kazi ni punje. Beba mahindi mfukoni. Mpe mtu punje kumi, chora miduara mitatu chini, mmoja ni "mradi utanisaidia mimi na watu wa nyumbani kwangu", mwingine "utasaidia wengine siyo mimi", wa mwisho "utaishia njiani". Mwambie azigawe atakavyo. Mkono unasema kile ambacho mdomo unaona haya kusema. Akishagawa usimuulize kwa nini umeweka saba huku, chukua moja kutoka ule mduara wa kuishia njiani, uishike, mwambie, "Hii nikitaka kuihamishia kwenye mduara wa kwanza, kifanyike nini?" Hapo sasa kaa chini vizuri, fungua daftari. Atakwambia mbolea ije kabla ya mvua, kamati tuchague wenyewe siyo kuletewa majina, bwana shamba aje hata mara moja kwa mwezi, ng'ombe wazuiwe. Hayo ndo masharti ya utayari wa kijiji kile.

Jingine, uliza kuhusu jirani. "Unadhani watu wa hapa wakipewa mbegu mpya wataifanyaje?" Mtu habebi lawama ya majibu ya jirani, kwa hiyo atasema ukweli, na nusu ya ukweli huo ni wa kwake mwenyewe.

Sikiliza pia wanachoamini kuhusu ardhi yao. Huku wengi wanasema mbolea ya dukani inachosha ardhi, ukiizoesha shamba haliwezi tena bila hiyo. Usiruke ukasema ni ujinga. Muulize ameona wapi. Mara nyingi ameona kweli, mtu ameweka mbolea ya kukuzia peke yake miaka mitatu mfululizo bila samadi bila kupima udongo, mahindi yakadumaa. Kumbe shida ni aina, kiasi na udongo wenyewe, na Mlingano hapo hapo Muheza kuna kituo cha utafiti ambacho habari ya udongo ni kazi yake. Mtazamo wenye sababu unajadilika. Na mihogo hivyohivyo, mtu akikataa mbegu mpya ya muhogo usiandike "anang'ang'ania ya asili", muulize inaliwaje. Muhogo wa pwani lazima uchemke ukavunjika, uliwe na chai asubuhi, uuzike mbichi barabarani. Mbegu inayostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia lakini ikipikwa ni chungu au ngumu atakupokelea kwa heshima zote na kuitupa ukishaondoka. Kama unayo, mpelekee mizizi iliyopikwa kabla ya vipando. Kina mama wakishaionja na kukubali, vipando vitaibiwa usiku na hiyo ndo dalili bora kuliko dodoso lolote.

AMBAO HUWAONI

Kina mama waone peke yao, kwenye kikoba chao, na msemaji wenu awe mwanamke kama inawezekana. Waulize nani anapalilia na nani anauza, wataangaliana kwanza halafu watakwambia. Vijana wa bodaboda waulize hapohapo kijiweni, usiwaambie "vijana mnakwepa kilimo", waulize mara ya mwisho walilima nini wakauza bei gani. Wengi walilima. Nyanya au tikiti, bei ikaanguka, wakauza wakanunua pikipiki kwa mkopo. Hao hawahitaji hamasa, wanahitaji kujua mnunuzi ni nani. Wafugaji wa pembeni ya kijiji nao wafuate, usiposikiliza upande wao mapema shamba la mradi litakuwa malisho na mradi utageuka kesi. Na wahamiaji, wale waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge miaka ile wakabaki, wengi hawana pa kupanda mti na mkutanoni hawanyooshi mkono.

UKIRUDI NA KARATASI ZAKO

Wagawe watu mafungu matatu siyo mawili. Walio tayari sasa: wana ardhi yao, mikono ipo, hela ya mwezi husika ipo au kuna njia, laini ya simu ni yao. Walio tayari kwa sharti, na sharti liandikwe kwa maneno yao, "mbolea iwe imefika kabla ya Februari kuisha" siyo "changamoto za usambazaji". Na ambao mradi huu hauwafai, siyo kwamba hawataki, hauwafai, kama yule mzee wa miche, yeye mpe mbegu ya mihogo na kunde atakushangaza. Ukiandika "wakulima asilimia fulani wana mwamko mdogo" hakuna mtu wilayani atajua afanye nini na sentensi hiyo. Ukiandika kitongoji fulani laini nyingi zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine, afisa atajua kesho aende na nani.

Kama umegundua kijiji hakiko tayari, andika hakiko tayari. Najua bosi anataka kusikia kingine na bajeti ina mwisho wake Juni. Anza na kitongoji kimoja, shamba darasa moja, pembeni ya njia ambayo watu wote wanapita kwenda kisimani au shuleni, la mkulima wa kawaida siyo la mwenyekiti. Mwaka unaofuata hutahitaji kuitisha mkutano.

Halafu rudi. Omba nafasi kwenye mkutano mkuu unaofuata, wasomee ulichoandika, kwa Kiswahili cha kawaida bila majina ya watu, uwaulize wapi umekosea. Watakurekebisha, na mara nyingi hapo ndo yanatoka mambo yaliyofichwa mara ya kwanza, maana sasa wamekuona mara mbili na kule pwani mgeni wa mara ya pili siyo mgeni sana. Waachie nakala ibandikwe ofisini kwa mtendaji, masharti waliyotoa na jibu la wilaya kwa kila sharti, pembejeo zinafika mwezi gani na nani anapokea. Kama wilaya imesema Aprili wakati wao wamesema Februari, waambie siku hiyohiyo mbele ya wote, mapema, kabla mtu hajauza mbuzi kununua mbegu.